Accra Haiko Saa Sita

Haya wadau, leo nina hasira na hesabu.

Fungua tarakilishi yako, nenda kwenye kile kikotoo cha umbali wa ndege, andika Zanzibar upande huu, andika Accra upande wa pili. Bonyeza. Utaambiwa kilomita kama 4,560, na chini yake kwa herufi za kujiamini: muda wa safari, kama saa 6. Hakuna nyota pembeni, hakuna "kama Mungu akijaalia". Saa 6, basi.

Nimekwenda Accra. Nimetoka Mkokotoni, kwetu, kaskazini ya Unguja, nikaenda Accra kwenye mafunzo ya waandishi. Imenichukua saa 37. (Naam, najua, walimu wangu wa skuli walituambia tusiseme "masaa". Lakini zikifika 37 na wewe umekaa kwenye kiti cha chuma, nadhani hata mwalimu angesema masaa.)

Nataka tujadili hizo saa 31 zilizozidi. Nani kazila? Maana wengi wetu tuliosoma tumeshalemaa na maneno kwamba dunia imekuwa kijiji. Kijiji gani hicho? Mimi natoka kijijini, nakijua kijiji. Kijijini ukitaka kwenda nyumba ya pili hupitii kwanza kwa sheha wa shehia nyingine kumwomba njia, tena kwa nauli.

Kwanza tukiri kwamba kikotoo hakidanganyi kwa kukusudia. Kinachofanya ni kuchora mstari mfupi kabisa juu ya mgongo wa dunia, ule wanaouita duara kuu, halafu kinagawa kwa mwendo wa ndege ya kawaida ya abiria, kilomita 800 na kitu kwa saa, kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hesabu safi. Kasoro yake ni kwamba hakuna ndege inayopita mstari huo. Kwa hiyo kinakupa muda wa safari ya ndege ambayo haipo.

Ukitaka ndege zilizopo, chagua. Unaweza kupanda hadi Addis Ababa, kilomita kama 1,690, halafu Addis hadi Accra, kama 4,310. Jumla 6,000. Hiyo ndiyo njia ya heshima. Au unaweza kufanya kama jamaa zangu wengi wanavyofanya kwa sababu tiketi zake zinapatikana upesi: Zanzibar hadi Dubai, kama kilomita 3,910, halafu Dubai hadi Accra, kama 6,290. Jumla 10,200. Yaani mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki anakwenda pwani ya Afrika ya Magharibi kwa kupanda kwanza hadi Ghuba, kama mtu anayetoka Darajani kwenda Malindi kwa kupitia Bububu. Zaidi ya mara mbili ya njia iliyonyooka! Na hakuna anayecheka.

Sasa linganisha. Frankfurt hadi Zanzibar ni kilomita kama 6,900. Ni mbali kuliko Accra kwa zaidi ya kilomita 2,300. Ndege za watalii kutoka Frankfurt zimekuwa zikija huku kwa saa tisa hivi, wakati mwingine kwa kugusa Mombasa tu. Mjerumani akila chai ya usiku kwao, asubuhi anavaa kaptula Nungwi. Gari lake linapita hapo Mkwajuni, kwetu kabisa, mimi nikiwa bado natafuta chaji ya simu kwenye uwanja wa watu. Simuonei wivu Mjerumani. Wapo vijana wangapi wa kaskazini wanaokula kwa sababu ya safari yake. Ninachosema ni kwamba bahari, milima na jangwa havikuweka Frankfurt karibu na Accra mbali. Walioweka ni watu, kwa kalamu.

Naombeni niwasomee saa zangu 37, haraka haraka, ili asije mtu akasema natia chumvi.

Jumatatu saa 7 mchana natoka Mkokotoni. Gari ya shamba inachukua saa moja na nusu kwa sababu inasimama kila penye kanga. Barabara yenyewe haina neno, wallahi, ile ya Bububu–Mahonda–Mkokotoni ya kilomita 31 ilitengenezwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambayo makao yake makuu yako Abidjan. Abidjan, jirani na Accra! Fedha za Afrika ya Magharibi zimeijua njia ya kuja Mkokotoni. Mimi ndiye nisiyeijua ya kwenda.

Saa 10 jioni boti, saa 12 Dar. Kwa nini Dar wakati Zanzibar kuna uwanja wa kimataifa na jengo jipya la abiria linalong'aa? Kwa sababu tiketi ya kuanzia Dar ilikuwa na unafuu, na mwandishi wa habari mshahara wake mnaujua. Foleni, shangazi, wali wa haraka, saa 3 usiku. Saa 8 usiku niko uwanjani. Saa 11 alfajiri ndege inapaa. Asubuhi natua kwenye uwanja wa kubadilishia, shirika sitalitaja, na hapo ndipo safari ilipolala. Ndege ya kuunganisha ilikuwa "imechelewa kidogo". Dada wa kaunta alikuwa mpole sana. "Kaka, vumilia kidogo, tutawatangazia." Nilivumilia hadi saa 12 jioni. Tulipaa, saa 6 angani, tukatua Accra usiku wa manane kwa saa ya kwetu, saa 3 usiku kwa saa yao. Nilipofika kitandani ilikuwa saa 8 usiku wa kuamkia Jumatano, nikihesabu kwa saa ya Mkokotoni.

Na hapa pana ujanja mwingine wa tiketi. Accra iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukisoma tiketi, kuondoka kwa saa ya huku na kufika kwa saa ya kule, safari ya kwenda inaonekana fupi. Saa tatu za bure! Ukirudi wanakunyang'anya zote.

Gawa kilomita 4,560 kwa saa 37. Unapata kilomita 123 kwa saa. Huo ni mwendo wa basi la mkoani ambalo dereva wake kaambiwa hakuna trafiki mbele. Na nilikuwa kwenye ndege.

Mtasema: bahati mbaya yako, ndege ilichelewa. Sawa. Toa saa zote za kuchelewa. Bado utabaki na zaidi ya siku nzima mlango kwa mlango. Na bado sijaweka kadi ya homa ya manjano. Ghana huingii bila kadi hiyo. Ukichanjwa leo, cheti kinaanza kutambulika baada ya siku 10. Kwa hiyo kijana wa Mkokotoni ambaye hajachanjwa, akipigiwa simu leo kwamba kuna nafasi ya kazi Accra, umbali wake ni siku 10 na ushei, hata akipewa roketi. Siipingi chanjo, homa ya manjano inaua. (Na cheti siku hizi ni cha maisha, tangu 2016, hivyo kachanjeni mapema mkae nacho.) Napinga kikotoo kinachosema saa 6.

Tuje kwenye kalamu.

Mwaka 1944 mataifa 52 yalikutana Chicago kupanga nani aruke juu ya nani. Kutoka Afrika walikuwapo Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Sisi wengine anga letu lilikuwa la Mwingereza, Mfaransa, Mbelgiji, Mreno. Walichokubaliana, kwa kifupi, ni kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya anga lake, na anayetaka kubeba abiria kibiashara aombe ruhusa, nchi kwa nchi. Tulipopata uhuru tukairithi kanuni hiyo kama tulivyorithi mipaka, tukaipenda hivyo hivyo. Afrika ina nchi 54. Hebu fikiria kila mbili zikae mezani peke yao kukubaliana ndege ngapi kwa wiki, za nani, ziende wapi.

Wazee wetu waliliona. Mwaka 1999, Yamoussoukro, nchi 44 zikakubaliana kufungua anga: shirika la nchi moja liruhusiwe kubeba abiria kati ya nchi nyingine mbili. Wataalamu wanauita uhuru wa tano. Huo ndio uhuru ninaoutaka mimi. Maana simwombi mtu ndege ya Zanzibar–Accra moja kwa moja kila siku, sijachanganyikiwa, najua haitajaa. Naomba ndege inayotoka kusini, au inayotoka Antananarivo, iweze kusimama hapa, ichukue wanane wetu, isimame kwingine ichukue kumi, ifike Accra imejaa. Kama daladala. Daladala ya Mkokotoni ingekuwa inaruhusiwa kuchukua abiria wa Mkokotoni tu na kushusha mjini tu, bila kugusa Kinyasini wala Mahonda, ingekufa wiki ya kwanza. Ndivyo tunavyoziendesha ndege za Afrika, halafu tunashangaa mbona nauli kubwa.

Ikapita 1999. Ikapita miaka kumi na minane na zaidi. Januari 2018, Addis Ababa, Umoja wa Afrika ukazindua Soko Moja la Usafiri wa Anga. Nchi 23 zikatia sahihi mwanzoni. Ghana imo. Ethiopia imo. Kenya imo, Rwanda imo, Msumbiji imo. Soma orodha ile ya kwanza juu hadi chini, chini hadi juu. Tanzania haimo.

Hapo ndipo watu wa serikali wanaposhika kipaza sauti: tunalilinda shirika letu la taifa. Haya, nimelisikia hilo tangu niko chuo. Shirika lilizaliwa 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, likalegea hadi kubaki kama jina tu, likafufuliwa kwa ndege mpya kuanzia 2016. Nilifurahi, nasema kweli. Nilipiga picha na ile Dreamliner. Lakini ripoti za CAG zimekuwa zikituonyesha hasara, na Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukalizuia shirika hilo kuingia kwenye anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukayazuia mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Kwa hiyo ulinzi wenyewe umelinda nini? Mtoto uliyemfungia ndani asishindane na watoto wa jirani, siku akitoka anaanguka barazani.

Na wasituambie kwamba haiwezekani kwa nchi za Kiafrika. Addis iko milimani, haina bahari. Waliamua tu kwamba kila Mwafrika anayetaka kwenda popote apitie kwao, wakafanya kazi hiyo kwa miongo. Leo ndio wanaoniuzia njia ya heshima ya kilomita 6,000. Siwalaumu, nawapongeza. Nashangaa sisi.

Kuna watakaosema: kijana, unakwenda Accra kufanya nini? Kazi ziko Muscat, biashara iko Dubai na Guangzhou, masomo yako Istanbul. Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linasemwa na vijana wenzangu wenye digrii. Tunadhani Dubai iko karibu kwa sababu ya asili. Ndugu zangu, ukaribu wa Ghuba ulitengenezwa. Zamani majahazi yalikuja na kaskazi kuanzia Desemba, yakarudi na kusi, wiki kadhaa baharini, na mabaharia wakakaa miezi hapa Funguni kusubiri upepo ugeuke. Muscat ilikuwa miezi, leo ni saa tano na kitu, kilomita 3,900. Walioifupisha ni wenye fedha waliotaka kuifupisha. Upepo wa kwenda Accra haukuwahi kuwepo, ni kweli, lakini ndege haisubiri upepo.

Tena biashara tunayo. Njooni Fungurefu hapa Mkokotoni mwone madagaa yanavyoanikwa. Wanunuzi wanatoka Kongo, wanakaa huku, wanakusanya magunia. Dagaa wa Mkokotoni anavuka bahari kwa chombo, anapanda lori, Tunduma, Zambia yote, Kasumbalesa, Lubumbashi. Kwa mstari wa kikotoo Lubumbashi ni kilomita 1,400 na ushei, kwa barabara kutoka Dar ni kama 2,000. Dagaa anafika. Anachelewa mipakani, ananuka, lakini anafika, na njia ameionyesha mfanyabiashara mwenyewe bila kungoja mkutano wa mawaziri. Namuuliza mzee mmoja pale, "Shikamoo mzee, Lubumbashi ni mbali?" Ananijibu, "Marahaba mwanangu. Inategemea bei."

Sasa niseme na upande wangu mwingine, kwa sababu kuna wanaodhani hii ni hasira ya mtu wa ndege. La. Ukisimama ufukweni Mkokotoni unaiona Tumbatu kwa macho, minazi yake unaihesabu. Hiyo haimo kwenye kikotoo chochote. Umbali wake kwa mashua ni muda mfupi tu wakati maji yamejaa. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, chombo hakisogei ufukweni, unashuka unatembea kwenye tope na mzigo kichwani. Mama mdogo wangu mmoja, wa Jongowe, uchungu ulimshika usiku maji yakiwa yametoka. Kituo cha kisiwani wakasema apelekwe Kivunge. Kutoka Mkokotoni hadi Kivunge kwa gari si safari ya kutaja. Lakini walingoja maji, na maji hayaharakishwi. Mtoto alizaliwa kwenye mashua katikati ya mkondo, na wote wawili wazima, alhamdulillahi, na hadi leo binamu yangu tunamtania kwamba pasi yake iandikwe amezaliwa baharini. Tunacheka kwa sababu aliishi.

Nimeiweka habari hii hapa makusudi. Mtu wa mjini anaweza kusema gati na boti ya wagonjwa ya Tumbatu ni jambo moja, na anga la Afrika ni jambo jingine, kila moja lina wizara yake. Mimi naona tabia ni ile ile: tunapima safari kutoka uwanja hadi uwanja, kutoka gati hadi gati, kwa saa za yule ambaye gari linamsubiri nje. Hao wenye kupanga ndio hao wenye gari. Kwao Pemba ni nusu saa, kilomita 125 kwa ndege ndogo. Waliopanda Spice Islander usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 hawakupanda meli iliyojaa kupita kiasi kwa kupenda. Waliangalia nauli zote, wakapanda waliyoimudu, ikazama mkondo wa Nungwi, kaskazini yetu hapa hapa. Mnataka kujua umbali wa Unguja na Pemba? Waulizeni waliotembea kwenye mchanga ule asubuhi ile wakitafuta ndugu.

Basi nina maombi mawili, tena ya bei nafuu. La kwanza kwa wanaotangaza utalii na uwekezaji: kila mnapoandika "Zanzibar iko saa kadhaa tu kutoka..." andikeni na miji mitano ya Afrika, kwa saa za kweli, mlango kwa mlango, kwa tiketi inayonunulika leo. Accra, Dakar, Lagos, Kinshasa, na Moroni. Ndiyo, Moroni, hapo Ngazija, kilomita kama 740 tu, kwa wajomba zetu wa damu. Wekeni namba hizo ukutani pale uwanjani, ukubwa ule ule wa picha za pomboo.

La pili ni kwa wabunge na wawakilishi wa vijana, nyinyi mnaotuita taifa la kesho. Mwanzoni mwa 2025 Ghana ilitangaza kuwafungulia Waafrika wote kuingia bila viza. Rwanda, Benin, Gambia na Shelisheli walitangulia. Mlango wa kule uko wazi. Simameni siku ya maswali mumuulize waziri mwenye dhamana ya uchukuzi: kwa nini Tanzania haikutia sahihi Addis Januari 2018, nani alishauri hivyo, na ushauri huo umewahi kuandikwa mahali abiria wa Mkokotoni anaweza kuusoma? Swali moja, dakika mbili. Nami nitakuja kusikiliza, nikitoka shamba na gari ya saa 12 asubuhi nitawahi.